Mwalimu wa Kwaya na Mayi ya Bangkok

Mwalimu wa kwaya alikuwa na shingo nyembamba na masikio makubwa, na mimi nilimuambiaka mbele ya batu kama Nyamuhanga alimuumba jioni, nyama ilikuwa imeisha na masikio njo ilibakia. Yeye alicheka kidogo, kwa adabu, halafu alirudia karatasi zake za noti.

Mais ile masikio, hakuna mutu mu Butembo alikuwa nayo. Alifungua mulango ya butiki yangu, ikalia, akasema: «Patron, mulango yako iko mu noti ya re.» Kamyo ikipanda muteremuko wa Rughenda, alimuambia shofele abadilishe vitesse sababu moteur imepanda nusu sauti, na shofele alitukana, halafu alibadilisha. Mu mufuko wa koti yake ya kahawia mulikuwa kile chuma ya mameno mawili ya kutafutia sauti. Alikipiga ku goti, akakiweka ku jino, akafunga macho. Kama ulimusalimia ile wakati, hakuitika. Hata gouverneur angepita, hangeitika.

Batu banaulizaka ilikuwa namna gani na ule mutu, na banauliza kwa sauti ya chini kama vile niko mugonjwa. Mimi sina haya. Niliacha masomo mwaka wa ine ya primaire, nikabeba viazi ku kichwa toka Lubero, na leo bale benye balisoma banakuja kuniamkia ku butiki mbele jua haijatoka. Donc nitasema wazi. Mwalimu alipoteza kwaya yake, kitu kimoja tu chenye alikuwa nacho hapa duniani, na mutu mwenye aliweza kumurudishia ni mimi peke yangu, kwa neno moja. Ile neno nilikaa nayo mu kinywa miaka mitatu.

Alikuwa mwalimu wa primaire juma yote, na siku ya mungu alikuwa mufalme. Bamama ba alto, benye ku soko banaweza kumutukana askari mpaka anakimbia, mbele yake balikuwa kama bifaranga. Alibaambia: «Kuimba ni masikio. Kinywa ni mulango tu.» Alibaambia pia: «Mutu anaweza kudanganya kwa maneno. Kwa sauti, hapana.» Na kila répétition, kila siku, neno yake kubwa: «Pumua.» Mutu akikosa kupumua pahali yeye alisema, alisimamisha kwaya yote, batu makumi ine, kwa sababu ya pumzi ya mama mumoja. Mama mumoja alilia juu ya ile mambo. Yeye alingojea amalize kulia, halafu akamuambia apumue.

Magitare ya Lingala alizikataza mu kanisa. Vijana balitaka kuweka seben kidogo ku mwisho wa Gloria, yeye akasema kanisa haiko nganda, kama banataka kutikisa kiuno baende kule baaskari banakunywaka. Mutu mukali vile. Njo sababu ile kitu yenye ilimupata Bangkok ilinichekesha kupita kiasi.

Ile wakati mimi nilikuwa nimeanza kwenda Bangkok kununua pièces za pikipiki. Kiingereza sina. Mwalimu alijifunza yake mu vitabu, alisema kama mutu anasoma barua ya mufu, mais ilieleweka. Nikamubeba. Kasindi ku mupaka, Entebbe, ndege. Mu ndege alisema moteur ya kuume inaimba chini ya moteur ya kushoto, na mimi nikamuambia akinyamaza nitamununulia soda.

Tulikuwa mu depo yenye banafungiaka mizigo. Tulingojea bapime cartons zangu. Kulikuwa mama mumoja wa kufunga na scotch, mutu muzima, mifupa ya mikono inje, na radio kidogo ilifungwa na kamba juu ya kichwa yake. Radio ikaanza kuimba. Mwanamuke. Mimi nilisikia mbuzi yenye bamefunga vibaya. Mwalimu aliweka karatasi zangu chini, mu vumbi, karatasi za douane, na alisimama kinywa wazi.

Niliita mara mbili. Hakuitika.

Wimbo ilipoisha, alienda kwa ule mama, akamuuliza, na ule mama akacheka akiona Mweusi wa koti ya kahawia anamuuliza juu ya radio. Akasema hiyo muziki banaiita luk thung. Kwa luga yabo ni mutoto wa mashamba. Yeye mwenyewe alitoka ku mashamba ya muchele, mbali, upande wa mashariki, mutoto wake alimuachia nyanya, na ile wimbo ni ya mwanamuke mwenye anangojea ku kijiji mutu mwenye alienda mu muji.

Mwalimu alinitafsiria yote, halafu akasema: «Patron, ni wimbo ya batu kama sisi.»

Nikamujibu: «Kama wewe. Mimi niko patron.»

Hakusikia. Alianza kunifundisha, mimi, mutu mwenye alimulipia ndege. Akasema nisikilize mwisho wa neno. «Ule mama hawezi kuachilia neno. Anaitikisa, anaitikisa, kama vile unatikisa mutoto kidogo mbele ya kumulaza. Na chini, trompettes zinacheka. Yeye analia, zile zinacheka. Njo utamu.» Akasema pia kulikuwa kitu ya kupuliza, ya matete, yenye haipumue hata mara moja, na hiyo ilimusumbua sana; mutu anapuliza vile bila kupumua, anapitisha wapi hewa?

Mu ile wimbo kulikuwa neno moja yenye ilirudirudi: mai ma, mai ma. Ule mama akasema maana yake ni hakuja. Mwalimu alijaribu kusema, mama akacheka mpaka akaketi ku carton yangu. Kumbe kwabo, «mai» ukiisema na sauti ya chini ni mupya, ukiiangusha toka juu ni hapana, ukiipandisha polepole ni hariri. Mugeni angelia pale. Yeye alifurahi kama mutu amekutana na ndugu ku ugeni. «Ni kama Kinande», aliniambia. «Unapandisha sauti kidogo, umesema kitu ingine.» Kisha saa moja alikuwa anaimba ile hakuja, na ule mama hakucheka tena. Aliendelea kufunga cartons, kichwa chini.

Bengine banarudiaka toka Bangkok na kitenge ya bibi. Yeye alirudi na carte mémoire moja, ule mama alimujazia.

Hapa Butembo nilimuonyesha sana. Nikialika batu kwangu, nyama imekwisha, bière imekaa, nilimuita: «Mwalimu, tuimbie Kichina yako.» Yeye alisema kila mara, si Kichina, Patron, ni Kithai. Batu balicheka hapo tayari. Nilimusimamisha ku caisse ya bière ili bale ba nyuma bamuone. Alifunga macho, akatikisa ile maneno, shingo ikatikisika na masikio pia, na muuzaji mumoja wa simenti alianguka ku kiti kwa kicheko. Bibi yangu alinivuta mukono ku jikoni akasema: «Papa Kavira, ule ni mutu muzima. Iko na batoto.» Nikamujibu mutu muzima anaweza kukataa. Yeye hakukataaka. Nafikiri hakuona caisse. Alikuwa na nafasi ya kuimba ile wimbo mbele ya batu, na kwake ilitosha.

Sasa nitasema ingine, na hiyo sikuisemaka kwa mutu. Nilichukua copie ya ile carte, niiweke mu gari, nibachekeshe bale babadilishaji ba feza kule Kasindi. Nikaiweka njiani nisikilize kama inatoka vizuri. Ule mwanamuke akaanza. Sikuelewa hata neno moja. Niliona tu shamba yetu ya viazi na mama yangu ameinama na mutoto ku mugongo, kitu yenye sikuifikiria miaka makumi mbili, na ule mwanamuke alikuwa anatikisa neno, hawezi kuiachilia, na mimi nilikuwa nangojea aiachilie. Nilishituka nimepita parking ya douane. Askari alipiga filimbi. Nikazima. Kisha nikawasha tena. Toka ile siku niliiweka kila safari, madirisha imefungwa, na ku batu niliendelea kusema ni mbuzi.

Mwalimu, yeye, alifanya kitu ya ajabu. Alichukua ile sauti ya Bangkok akaivalisha nguo ya kanisa. Pahali pa mai ma aliweka mayi. «Mayi ya uzima, mayi. Ninyeshee, ninatoka mbali, mayi.» Ya Pasaka, ya batisimu. Trompettes hakuna, aliziweka mu sauti za babaume. Na kati ya mayi moja na ingine aliweka pumzi kubwa. Alibafundisha hiyo pumzi juma sita. Mayi, pumua, mayi. Ile Pasaka, bazee balisimama ku viti. Padri alimuuliza ametoa wapi wimbo muzuri vile, na yeye akasema: mbali. Mimi nilikuwa bench ya kwanza, na nilijua, na nilijisikia mukubwa kuliko padri.

Mwaka yenye ilifuata, balialika kwaya yetu Beni, ku misa ya kwanza ya padri mupya. Nilitoa kamyo yangu ya kubabeba. Asubuhi, bakipanda, balikuwa banajaribu ule wimbo na mimi niliimba nabo kidogo, nimesimama ku mulango ya kamyo, kitambi mbele. Mwalimu aliinua mukono. Kwaya ikanyamaza. «Patron, tusamehe. Unashuka chini ya noti. Bora usikilize tu.» Hakusema kwa ubaya. Alisema kama vile anasemaka mulango iko mu re. Mais bamama ba alto balicheka, bale benye banakopaka sabuni kwangu, na mama mumoja alisema Patron anasikia sauti kama vile anasikia uzito wa mufuko. Nilicheka nabo.

Beni kuna joto. Kanisa ilijaa, baofisa ba jeshi ku bench ya kwanza, mimi pembeni yabo, kwa heshima ya kamyo. Kwaya ikaanza mayi. Ilianza vizuri. Mais batu ba Beni baliipenda kupita, bamama ba nyuma balipiga mikono, ngoma ya pale ikaingia, ngoma yenye Mwalimu hakuitayarisha, na wimbo ikakimbia. Niliona Mwalimu anatandika mikono miwili chini, polepole, polepole. Hakuna mutu aliangalia. Pumzi ikapotea.

Mu Beni, mayi moja ni ya kunywa. Mayi mbili bila pumzi ni baasi ba musitu, bale ba bunduki na dawa ya kunyunyiza, na mbele ya mutu wa uniforme ile neno haisemwe mara mbili. Kanisa muzima ilikuwa inapiga mikono na kuita mayi-mayi, mayi-mayi, ninyeshee, ninatoka mbali. Ofisa mumoja alisimama. Kisha wa pili.

Kisha misa, balimuita Mwalimu nyuma ya sacristie. Nami pia, sababu kamyo yangu njo ilibaleta. Ule ofisa aliuliza na sauti ya upole, nusu Lingala nusu Swahili, nani alileta ile wimbo na inaita banani batoke mbali. Mwalimu hakuelewa hata anaulizwa nini. Alieleza mambo ya pumzi. Alieleza ngoma ilikimbia. Kisha alieleza Bangkok, depo, radio ya kamba, akasema kule mai ni hapana na ma ni kuja. Ofisa alimuangalia kama unaangalia mutu mwenye anakuambia alikuwa ku mwezi.

«Muulize Patron», Mwalimu akasema. «Tulikuwa pamoja. Yeye anaijua. Iko nayo mu gari.»

Sijui alijua namna gani iko mu gari. Masikio, labda, alisikia mupito wangu njiani, madirisha imefungwa. Balinigeukia bote.

Nilikuwa na kamyo mbili Kasindi zenye zilikuwa zinangojea kupita bariere za bale bale baaskari. Hiyo ni sababu moja, na kila mufanyabiashara ataielewa. Ya pili ni: unashuka, bora usikilize tu. Sitaficha.

Nikasema: «Mimi naendaka Bangkok kununua pièces. Nyimbo sijui. Huyu alikuwa wa kutafsiri tu. Kule alikuwa anaongea na batu benye mimi sibajui.»

Ile ya mwisho hakuna mutu aliniuliza. Niliiongeza mwenyewe.

Mwalimu aliniangalia. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande, vile anafanyaka kama mama wa alto ametoa noti ya uongo na yeye anatafuta ni nani.

Balimuweka mu gereza juma tatu. Aliporudi, sikio ya kushoto ilikuwa imekufa. Mashitaka haikuwa, mais jina ilikuwa imechafuka, na comité ya parokia ikasema kwaya atairudilia siku shahidi mumoja atasimama aseme ule wimbo ulitoka wapi. Bibi yake alikuja kwangu na kuku. Aliketi ku ncha ya kiti, akasema: «Tata, sema tu ile yenye uliona. Hata kwa padri peke yake. Anakufa pale nyumbani, hata haipigi tena ile chuma yake.» Nilipokea kuku. Nikamuambia nitaangalia. Ile kuku tuliikula siku ya mungu. Bibi yangu hakuigusa.

Miaka ikapita. Kwaya balipatia kijana mumoja mwenye anapenda kuonekana. Mwalimu aliketi bench ya nyuma, karibu na ukuta, kichwa imegeuka ili sikio muzima iangalie altari. Bamama baliimba vibaya, na kila pahali balikosa kupumua, niliona bega yake inaruka.

Safari ya mwisho nilienda Bangkok na mutafsiri mupya, mwerevu, mwenye anasikia bei tu. Jioni moja karibu na depo kulikuwa sikukuu, na kamyo yenye bamegeuza kuwa jukwaa, na basichana ba manyoya ya rangi ku kichwa banacheza, na katikati mama muzee wa nguo ya kung'aa. Aliimba mai ma. Mimi, mutu wa butiki tatu, nililia pale kati ya batu benye banakula samaki ya kuchoma, na muzee mumoja wa pale alinipatia kitambaa ya karatasi bila kuniangalia. Nililia vizuri. Kisha niligeuka niseme kitu, na ule mutafsiri wangu alikuwa anaangalia telefone.

Hapo njo nilijua kama mu Butembo yote kuna mutu mumoja tu mwenye naweza kumuelezea.

Nilimukuta ku masomo, batoto bametoka, anafuta tableau. Sikusalimia vizuri hata. Nilitoa telefone, nilikuwa nimeshika sauti ya ule mama, nikaiweka ku sikio yake. Ya kushoto. Alichukua telefone polepole akaipeleka ku ya kuume, na akafunga macho. Alisikiliza mpaka mwisho.

«Amezeeka», akasema. «Ya juu haifike tena. Mais anajua pahali pa kupumua.»

Tulikaa ku bench ya batoto, magoti juu, tukaongea yale matete yenye haipumue, na namna trompettes zinacheka. Sikuongeaka vile na mutu. Nilimuambia shamba ya viazi, mama yangu, parking ya Kasindi. Alisikiliza kama vile anasikilizaka, yote. Nilipomaliza, akaweka mukono ku telefone yangu.

«Patron. Siku ya mungu, semea batu. Neno moja.»

Nikasema ndiyo, na nilisema kweli.

Siku ya mungu, saa ya matangazo, nilisimama, padri akanipatia micro. Mimi ni mutu wa kusema, sijawahi kukosa neno. Niliona batu bote bamegeuka: basimenti, basabuni, bamama ba alto, benye banangoja kusikia Patron. Na nikasikia mbele vile neno itasikika mu ile kanisa. Haitasema Mwalimu ni safi. Itasema Patron alijua. Itasema caisse ya bière, na sacristie, na kuku. Mwalimu alikuwa amesimama kule nyuma, peke yake, alikuwa amevaa koti.

Nikasema: «Natoa kwa kwaya yetu clavier mupya, kinanda ya umeme. Toka Bangkok.»

Balipiga mikono kama mvua ku mabati. Ule kijana wa kwaya aliinama mbele yangu mara mbili. Mwalimu alipiga mikono pia.

Inje alinijia. Batu balikuwa banashika mukono yangu, niliona anakaribia, na nilitayarisha jibu, kali, ya kumuonyesha pahali pake. Alingojea bale bengine bamalize. Akanigeuzia sikio muzima, kama vile mimi njo nilikuwa na kitu ya kusema.

«Wasingya, Patron», akanishukuru kwa Kinande. «Ile clavier, baambie basiifunge ku prise ya umeme ya chini, ya karibu na batisimu. Mvua inaingiaka ku ule ukuta. Itaungua. Ku ile ya juu.»

Akaenda, polepole, anafuata ukuta.

Niliita fundi ile ile siku. Alifunga ku prise ya juu. Clavier iko muzima mpaka leo.